Mita ngapi kutoka kwa watu, mita ngapi kutoka uwanja wa ndege? Jibu kwa mrusha droni wa Tanga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga, kazi yangu ni kupiga picha za harusi na matukio. Nimenunua droni ndogo ya gramu 249 kwa jamaa aliyetoka nayo Dubai. Mtandaoni nimesoma kwamba iliyo chini ya gramu 250 haihitaji kibali, mwisho wa kwenda juu ni mita 120, na watu niwaache mita 50. Mwezi ujao, Julai, nina kazi mbili: mashindano ya ngalawa pale Raskazone na harusi ya binamu yangu Ngamiani. Uwanja wa ndege hauko mbali na mji. Naomba uniambie umbali halali ni upi, nisije nikaharibu kazi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Namba zako zote tatu nazijua, na hakuna hata moja iliyobuniwa. Ila umeziokota kila moja nchi yake ukazitia kapu moja, ukaliita kapu hilo sheria ya Tanga.

Gramu 250 ni mpaka uliowekwa Marekani mwishoni mwa 2015, walipoanza kusajili droni. Ulaya nao wakaja kuutumia katika kanuni zao zilizoanza kazi Desemba 31, 2020. Viwanda vikaona hapo pana biashara, ndiyo maana droni yako ina gramu 249 na haina 260. Lakini hata huko Marekani msamaha huo ni wa anayerusha kwa kujifurahisha tu. Ukiirusha kwa kazi ya kulipwa, hata iwe nyepesi kama kuku wa siku tatu, inasajiliwa, na mwenyewe unafanya mtihani. Sasa wewe unapiga harusi kwa pesa. Msamaha ulioukimbilia usingekufaa hata ungekuwa Chicago.

Mita 50 kutoka kwa watu utazikuta Uingereza, na utazikuta Afrika Kusini katika kanuni zao za 2015, ambazo pia zinataka kilomita 10 kutoka kiwanja cha ndege. Mita 120 zimesambaa karibu dunia nzima, na zina sababu yake ambayo nitaieleza hapa chini, maana ukiielewa hutahitaji kuikariri.

Hapa kwetu mlango wa kwanza ni kibali, mita zinafuata. Anga la Tanzania liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuna kanuni za mwaka 2018 mahususi kwa ndege hizi zinazoendeshwa kwa mbali. Droni inasajiliwa, mrushaji anajulikana, na idhini ya Wizara ya Ulinzi ni sehemu ya safari hiyo. Watu wengi hushangaa jeshi linaingiaje kwenye picha za harusi. Linaingia kwa sababu ya kamera: chombo kinachopita juu ya ukuta na kurudi na picha ni suala la ulinzi kabla hakijawa suala la burudani. Usitegemee wepesi wa droni yako kuwa kibali. Na kama iliingia nchini ndani ya begi la jamaa bila karatasi yoyote, anza kwa kutafuta hizo karatasi za forodha, kwa sababu usajili utakuuliza kifaa kimetoka wapi na namba yake ya kiwandani ni ipi.

Kibali kikitoka, kisome. Kitataja eneo, tarehe na masharti. Yaliyoandikwa mle ndiyo sheria yako kwa siku ile, hata kama jirani yako ana kibali chenye masharti mengine. Na usiombe Alhamisi kwa kazi ya Jumamosi. Umesema Julai, basi barua ingetakiwa iwe imekwisha kutoka. (Wapo wanaodhani wakivuka kwenda Pemba mambo yanalegea. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Maji yanavukwa, sheria ni ile ile.)

Sasa tuje kwenye mita, ambako ndiko ulikotaka twende.

Mita 120 ni futi 400. Ndege zenye watu, zikiwa safarini kwa kutumia macho ya rubani, kwa kawaida haziruhusiwi kushuka chini ya futi 500 kutoka ardhini, yaani kama mita 150. Juu ya mji wanatakiwa wawe juu zaidi, futi 1,000. Droni ikaambiwa iishie 400, wao waishie 500, katikati ibaki nafasi ya futi 100 isiyo ya mtu. Ni kama mpaka wa shamba unaoachwa bila kulimwa ili majirani wasigombane. Mpango mzuri, lakini una matundu mawili.

Tundu la kwanza liko kwenye skrini yako. Ile namba unayoisoma pale, "urefu mita 110", haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Inapimwa kutoka pale ulipoirusha. Droni inasoma kanieneo ya hewa inapowashwa, inapaita hapo sifuri, kisha inahesabu tofauti. Ukirushia juu ya paa la ghorofa la mita 20 ukaipandisha mpaka skrini iseme 115, kisha ukaipeleka barabarani, juu ya barabara ile iko mita 135 na skrini haijasema neno. Mjini Tanga penye tambarare unaweza usilione hilo. Nenda siku moja Lushoto, simama ukingoni mwa mlima uirushe kuelekea bondeni, utaona namba ile inavyodanganya: inakwambia 60 huku chini yako kuna mamia ya mita.

Tundu la pili ni uwanja wa ndege, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapouana.

Ile kanuni ya futi 500 ina neno dogo linalosahauliwa: isipokuwa wakati wa kupaa na kutua. Ndege inayokuja kutua hushuka kwa mteremko wa kama nyuzi 3. Fanya hesabu hii kwa simu yako. Nyuzi 3 maana yake ni kwamba kwa kila kilomita moja iliyobaki kufika njia ya kurukia, ndege iko juu kama mita 52. Ikibakiza kilomita 3, iko mita 157, juu ya dari yako. Ikibakiza kilomita 2 na robo, iko mita 118. Imeshaingia ndani ya zile mita 120 unazoziona ni zako. Ikibakiza kilomita moja iko mita 52, chini ya urefu unaotumia kupiga picha ya ukumbi. Na hizi ndogo zinazokuja Tanga, za abiria kumi na kitu, rubani akiwa anaona njia vizuri anaweza kukata kona fupi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtu anayesema "nimebaki chini ya 120, niko salama" akiwa ameupa mgongo uwanja wa ndege kilomita mbili, hajui anachokisema. Uwanja wetu uko upande wa magharibi wa mji, karibu mno na makazi. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta njia ya kurukia, kisha kwa kidole endeleza mstari wake kutoka ncha zote mbili. Maeneo yanayoangukiwa na mstari ule, na mapana yake, usirushe hata kwa mita 20 bila kuzungumza na wanaoongoza ndege pale. Wala usijifariji kwamba ndege ni chache kwa siku. Zikiwa chache ndio kabisa hujui saa ipi inakuja.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama. Desemba 2018, kati ya tarehe 19 na 21, uwanja wa Gatwick karibu na London ulisimama kwa sababu watu walitoa taarifa za kuona droni juu yake. Kama safari 1,000 ziliathirika, abiria 140,000 wakakwama wiki ya Krismasi, na mrushaji hakupatikana mpaka leo. Kabla ya hapo marufuku yao karibu na viwanja ilikuwa kilomita moja tu. Machi 2019 wakaipandisha hadi karibu kilomita 5. Ukiona namba ya umbali katika sheria yoyote, jua nyuma yake kuna siku kama hizo.

Mfano wa pili ni wa karibuni na unamhusu mtu wa kawaida kabisa mwenye droni ndogo. Januari 2025 moto mkubwa ulikuwa unateketeza vitongoji vya Los Angeles. Mtu mmoja akapanda juu ya jengo la maegesho ya magari huko Santa Monica, akairusha droni yake ili autazame moto. Ikaenda zaidi ya mita 2,500 kutoka aliposimama. Huko ikapotea machoni pake, ikagonga bawa la ndege ya kuzimia moto iliyokuwa kazini, ikalitoboa. Ndege ilitua salama, lakini ikaondolewa kazini siku ambazo kila ndege ilihitajika. Huyu hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuona tu.

Hapo ndipo linapokuja suala la umbali ambalo wewe hukuuliza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: umbali kati yako na droni yenyewe. Karibu kila nchi inasema lazima uione kwa macho yako, siyo kwa skrini. Boksi la droni yako limeandikwa inafika kilomita 10 au zaidi. Huo ni uwezo wa redio. Macho yako hayakuja kwenye boksi.

Jaribu hivi. Droni yako ikikunjuliwa ina upana wa kama sentimita 25, sawa na sahani ya kulia wali. Ikiwa mita 500 kutoka kwako, inaonekana kwa ukubwa wa punje ya ulezi iliyobandikwa ukutani ukiitazama kutoka mita 3. Utaiona? Labda, ukiwa kijana na mbingu ikiwa nyeupe. Lakini je, utajua inaangalia upande gani? Hapo ndipo pa kujifunzia. Kuiona nukta hakutoshi, kwa sababu siku skrini itakapozima (na kwa jua letu simu hupata joto ikajizima yenyewe, limenikuta zaidi ya mara moja), utashika vijiti bila kujua kwamba kusukuma mbele kunaileta kwako au kunaipeleka Pemba. Kwa droni ya ukubwa wako mimi husimama mita 250, nikijitahidi 300. Mwingine ana macho bora kuliko yangu. Pima yako: iache ielee, rudi nyuma hatua kwa hatua, na pale utakaposhindwa kusema pua yake iko wapi bila kutazama skrini, hapo ndipo mwisho wako.

Tuje kwa watu. Hizo mita 50 ulizosoma zina faida ya kukumbukika kwa urahisi, lakini peke yake hazitoshi. Wataalamu wa Ulaya hutumia kipimo kingine ambacho mimi nakipenda zaidi: urefu kwa umbali. Droni ikiwa mita 30 juu, watu wasiohusika wawe angalau mita 30 kwa upande. Ikiwa mita 80 juu, wawe mita 80. Sababu ni jinsi kitu kinavyoanguka. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, mapanga yakisimama ikiwa mita 120 juu, itachukua kama sekunde 5 kufika chini, na katika sekunde hizo inaweza kuendelea mbele karibu mita 50. Ongeza upepo, na mtu aliyekuwa mbali na kivuli chake ndiye atakayepigwa.

"Lakini ni gramu 249 tu." Haya, tuifanyie hesabu. Kitu cha gramu 249 kikianguka kutoka mita 40, ukiacha hewa inayokipunguza mwendo, kinafika chini na nguvu ile ile ya nazi ya kilo moja na nusu iliyodondoka kutoka mita 6 na nusu. Huo ni urefu wa mnazi wa kitamli. Hakuna mtu wa Tanga anayetandika jamvi la watoto chini ya mnazi wenye nazi zilizokauka, hata uwe mfupi. Basi usitandike droni juu ya watoto.

Na watoto wenyewe watakuja. Ukifungua mkoba tu, mtaa mzima uko miguuni pako. Mapanga yale ni ya plastiki lakini yanakata kidole, na jicho hayaliulizi. Niliwahi kurushia pale Tongoni, kando ya magofu, na kabla sijamaliza kufunga mapanga nikawa nimezungukwa na watoto kumi na tano. Nilichofanya ni kuchora duara mchangani kwa fimbo, upana wa hatua kumi, nikamteua mkubwa wao awe askari. Hakuna aliyekanyaga mstari. Yule askari alikuwa mkali mpaka kwangu. Nilipotaka kuingia duarani kuiokota kabla mapanga hayajasimama, alinikataza.

Sasa ngalawa. Kazi hii inawezekana, na nzuri, lakini bahari ina mitego yake na ninayo mmoja wa kukusimulia kwa aibu.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kupiga picha za mashua, nikaona bora nirushie kutoka ndani ya mashua nyingine. Nikairusha, kila kitu kikaenda vyema, betri ikafika asilimia 30, nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Ikageuka vizuri, ikaja, ikasimama hewani mita kama mia na hamsini nyuma yetu, ikaanza kushuka. Nahodha alikuwa ameshika usukani, akaitazama, akaniambia taratibu, "Fundi, mwanao anakwenda kuoga." Nyumbani kwa droni ni pale ilipoondokea kwa mujibu wa setilaiti. Sisi tulikuwa tumeondoka pale dakika nane nyuma. Nilikata kitufe, nikaikamata kwa vijiti ikiwa juu ya maji kama urefu wa mtu, nikairudisha kwa mkono, na mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Kwa hiyo wewe rushia nchi kavu. Ukilazimika kurushia chomboni, zima hiyo huduma ya kurudi yenyewe au iambie droni "nyumbani" ni pale ilipo rimoti, na usiiwashie karibu na injini au vyuma, dira yake inavurugika.

Mtego wa pili ni Kusi, upepo utokao kusini. Julai Kusi limekolea. Wewe utakuwa umesimama Raskazone ukiitazama ghuba upande wa kaskazini, na upepo uko mgongoni kwako. Droni itakwenda kama mshale na utafurahi. Hesabu ya kurudi ndiyo hii: tuseme droni ina mwendo wa mita 10 kwa sekunde na upepo ni mita 6. Kwenda inapata mita 16 kwa sekunde, kurudi inabaki na 4. Mita 800 utazikata kwa sekunde 50. Kurudi utatumia 200. Umetumia zaidi ya dakika nne za betri bila kuziona kwa sababu ulikuwa unatazama matanga, na ukumbuke upepo wa mita 100 juu ni mkali kuliko unaokupepea hapo chini. Wavuvi wetu wanajua: anayetoka na upepo anarudi kwa kubisha. Droni haiwezi kubisha. Ikishindwa inasukumwa tu, na mbele yako ni ghuba, ng'ambo ya ghuba ni Chongoleani.

Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443. Huko, bandarini, kambi za jeshi, gereza la Maweni, usiende hata kwa bahati mbaya, na "upepo umenichukulia" hakitakuwa kisa kizuri mbele ya askari. Ndiyo maana nasema rusha mapema asubuhi kabla upepo haujaamka, weka mpaka wa umbali kwenye programu ya droni usizidi mita 300, na rudi betri ikiwa asilimia 40, usingoje 20 ambayo watu wa kiwandani wanaiona inatosha.

Kwa ngalawa zenyewe, usiipeleke droni joshini mwao, upande unakotoka upepo. Ikizima hapo, upepo unaibebea moja kwa moja kwenye tanga au kichwani mwa mtu. Iweke demani, upande unakoelekea upepo, kando na nyuma kidogo, ili ikianguka ianguke mbali nao. Na usimtokee nahodha usoni wakati anageuza. Mtu aliye juu ya ndubi, ule mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, akishituka sekunde moja, chombo kinapinduka, na washindani hawatakwenda kuilalamikia bahari. Ongea na waandaaji kabla: manahodha wote waambiwe kuna droni, rangi yake hii, itakuwa upande huu. Mtu aliyeambiwa na kukubali ni mshiriki, aliye ufukweni anauza mihogo ya kukaanga ni mpita njia, na kipimo cha urefu kwa umbali ni chake yeye kwanza.

Ukiweka urefu wa kurudi nyumbani, weka juu ya kitu kirefu kuliko vyote hapo. Minazi inafika mita 25 na zaidi, minara ya simu inapita hapo, na nyaya za umeme kamera za droni hazizioni. Kisha tazama mstari ulionyooka kutoka ghubani hadi miguuni pako unapita juu ya nini. Kama unapita juu ya watazamaji, hama wewe.

Neno dogo kuhusu kunguru. Hawa kunguru wetu wa pwani weusi wenye shingo ya kijivu hawapendi kitu kinachovuma angani mwao, na mwewe ndio kabisa. Wakianza kuizunguka, usishuke. Panda wima haraka, wengi huachia, kisha ondoka eneo lao. Mwezi wa viota usirushe karibu na miti yao hata kidogo.

Nimebakisha harusi, na hapa sheria ya anga haitakusaidia sana. Ngamiani nyumba zimebanana, mtaa umejaa watu, nyaya zimekatizana. Kwa kipimo nilichokupa, hata ukienda mita 20 juu hutapata mita 20 kando zisizo na mtu, kwa sababu kila mahali ni mtu. Usiku ndiyo kabisa, acha. Kama lazima upate picha ya juu, tafuta uwanja wa wazi ambako msafara wa bwana harusi utapita mchana, zungumza na mwenyekiti wa mtaa, wasimamishe watu wako kando, irushe dakika tatu, ishushe. Muziki na ngoma piga kwa kamera ya mkononi.

Kisha kuna uani. Unajua mwenyewe siku ya singo mambo yakoje. Akina mama wamevua mabuibui, bibi harusi amekaa mkekani mabega wazi anasuguliwa, mlango umefungwa, na hata kaka yake wa tumbo moja haruhusiwi kuchungulia. Ukuta ule ulijengwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria kwamba jicho litatoka juu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na tangu Mei 2023 ipo kazini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo picha ya mtu anayetambulika si mali yako ya kuchezea. Lakini nikuambie ukweli, hutafika mahakamani. Droni ikivuma juu ya ua ule hata kwa sekunde kumi, hata kama kamera imezimwa, nani atakuamini imezimwa? Utakuwa umeivunja harusi ya binamu yako, na kazi ya picha hapo mjini utakuwa umeiaga.

Nenda kwa somo wa bibi harusi mapema. Mwambie saa ngapi utarusha, wapi, na kwamba kamera itaelekea barabarani. Mwonyeshe skrini, ashike rimoti mwenyewe. Akisema hapana, usibishane naye, na usiende kumtafuta mjomba abatilishe.

Betri usiziache ndani ya gari juani ukiwa unangoja msafara.